UZI: Ruzuku za jimbo la Illinois kwa vyama vyetu – karatasi, bajeti na mahali hela inapokwama

Karani_wa_Mto:

Wakuu, salaam.

Kila ikifika Machi maswali yale yale ya ruzuku yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na kila mtu anaondoka na nusu ya jibu. Tuyaweke hapa pamoja. Nazungumzia Illinois, kwa kuwa Wakongo na Warundi ni wengi Rockford, Moline, Rock Island na kaskazini mwa Chicago, na pia kwa kuwa jimbo hili lina sheria moja inayobana karibu kila ruzuku inayopita mikononi mwake, iwe fedha ya jimbo lenyewe au ya Washington. Sheria hiyo inaitwa GATA, ya mwaka 2014. Ukishaielewa, mlango wa idara ya huduma za jamii na mlango wa idara ya biashara vinafanana.

Mwaka wa fedha wa jimbo ni Julai 1 hadi Juni 30. Tangazo la ruzuku, ambalo ofisini wote huliita NOFO, likitoka unapewa kama mwezi mmoja hivi kuomba. Karatasi za usajili peke yake zinaweza kula miezi. Anayeanza kuzitafuta siku tangazo linapotoka ameshaikosa ya mwaka huo, ajipange kwa mwakani.

Mpangilio wake ni huu, na usiuruke, maana hatua nyingi zinadai karatasi au namba iliyotoka hatua za nyuma:

1. Usajili kwa Secretary of State wa jimbo, ofisi inayosajili vyama na kampuni. Fomu ni NFP 102.10, ada $50, wakurugenzi wasiopungua 3. Hati hiyo iwe na vifungu viwili ambavyo IRS (idara ya kodi ya Marekani) huvitafuta kwa tochi: lengo la chama ni la hisani, elimu na mengineyo yanayokubalika chini ya 501(c)(3), kile kifungu kinachovisamehe vyama vya hisani kodi ya mapato, na chama kikivunjwa, mali inakwenda kwa chama kingine cha aina hiyo au serikalini, haigawanwi kwa wanachama. Wengi huandika "lengo letu ni kusaidiana sisi kwa sisi". Hilo ni lengo la chama cha kufa na kuzikana. Ni jema, ila IRS haitakupa 501(c)(3) kwa maneno hayo.

2. EIN, namba ya kodi ya chama, kutoka IRS. Bure. Tovuti inayokudai $79 siyo ya IRS.

3. Maombi ya 501(c)(3). Fomu fupi ya 1023-EZ ni $275, ndefu ya 1023 ni $600. Ukiomba ndani ya miezi 27 tangu chama kisajiliwe, hadhi inarudi nyuma hadi siku ya usajili.

4. Usajili wa hisani kwa Attorney General (mwanasheria mkuu) wa jimbo, ada $15. Kisha ripoti ya kila mwaka, AG990-IL, ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wenu wa fedha kuisha, $15 nyingine. Ukichelewa ni $100.

5. SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili wanaoomba fedha zake, ili upate UEI, ile namba ya herufi na tarakimu 12.

6. Lango la GATA. Hapa ndipo jimbo linapokukagua kabla hujaruhusiwa kuomba.

Wanaojua zaidi wajazie nyama.

---

Mama_Leja:

Nianze na namba 3, maana watu huingia mtegoni hapo. 1023-EZ ni ya chama kinachotarajia mapato yasiyozidi $50,000 kwa mwaka, kwa kila mwaka katika miaka 3 ijayo, na mali isiyozidi $250,000. Sasa mtu anaapa kwa IRS kwamba hatazidi elfu hamsini, na wiki ileile anaandika maombi ya ruzuku ya $120,000. Karatasi hizo mbili zikikutanishwa mezani hazipatani. Kama mpango wenu ni ruzuku za jimbo, lipeni $600, jazeni ndefu, wekeni bajeti ya miaka 3 ya kweli.

Halafu 990, ripoti ya kila mwaka kwa IRS. Wenye mapato ya kawaida yasiyozidi $50,000 hujaza 990-N, ni dakika 10 mtandaoni, mwisho wake siku ya 15 ya mwezi wa 5 baada ya mwaka wa fedha. Mwaka wenu ukiishia Desemba, ni Mei 15. Haina faini ya kuchelewa, ndiyo maana watu huidharau. Lakini ukiiruka miaka 3 mfululizo hadhi ya 501(c)(3) inafutika yenyewe, hakuna anayekaa kikao kuamua. Ruzuku zikishayavusha mapato yenu ya kawaida juu ya $50,000, chama kinahamia 990-EZ, na kikifika $200,000 ya mapato au $500,000 ya mali, 990 kamili. Hizo zina faini.

---

Kijana_wa_Fizi:

Asanteni. Je, chama chenye EIN na akaunti ya benki, lakini bila 501(c)(3), kinaweza kuomba?

---

Karani_wa_Mto:

Tangazo lenyewe ndilo linalosema nani anastahili, kuna sehemu nzima ya hilo. Mara nyingi jibu ni hapana. Njia iliyobaki ni shirika mwavuli: chama kingine chenye 501(c)(3) kinaomba kwa jina lake, kinapokea fedha, kinaajiri au kinawalipa nyinyi kwa mkataba. Elewa maana yake kisheria. Mbele ya jimbo mpokeaji ni mwavuli. UEI ni yake, ripoti ni zake, na fedha ikiliwa ni yeye anayerudisha. Kwa hiyo atakata asilimia yake na atataka kuona kila risiti. Msimwone mnoko.

Mkataba uandikwe kabla ya maombi kupelekwa, useme: asilimia ya mwavuli ni ngapi na inakatwa wapi, nani anasaini matumizi, ripoti inafika kwa mwavuli siku ngapi kabla ya tarehe ya jimbo (siku 10 ni nzuri), na vifaa vinabaki kwa nani mradi ukiisha. Hilo la mwisho ndilo linalovunja urafiki.

---

Mhudumu_wa_Lango:

SAM.gov niachieni mimi.

Asilimia kubwa ya maombi yanayokwama pale yanakwama kwa jina na anwani. Jina la chama lazima liwe herufi kwa herufi sawa na lile la Secretary of State na la barua ya EIN. "Inc." ikiwa upande mmoja na upande mwingine haipo, mfumo haukutambui. Barua ya EIN inaitwa CP 575. Ikipotea piga simu IRS uombe 147C, ni uthibitisho uleule. Anwani iwe ya mahali halisi, sanduku la posta halikubaliki kama anwani ya ofisi. Chama kinachokaa nyumbani kwa katibu kitumie anwani hiyo kila mahali, na katibu akihama, badilisheni kote kwa mpigo: Secretary of State, IRS, benki, SAM.

Akaunti inafunguliwa kwa Login.gov (akaunti ya kuingilia tovuti za serikali kuu) ya mtu binafsi. Mtu huyo akigombana na bodi akaondoka, chama kinabaki nje ya nyumba yake chenyewe. Kumweka msimamizi mpya kunahitaji barua rasmi iliyoshuhudiwa na notary, na kusubiri. Wekeni wasimamizi wawili tangu siku ya kwanza.

Usajili hudumu siku 365. Jikumbusheni siku ya 300. Mkishajisajili mtamiminiwa barua pepe zenye nembo za tai na maneno "final notice", zinadai $500 au zaidi kuhuisha. Ni kampuni binafsi zinazosoma orodha ya wazi. SAM ni bure, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kwenye lango la GATA mfumo unaangalia: SAM yako iko hai? Secretary of State anakutambua kuwa uko sawa? Umezuiwa na serikali kuu? Uko kwenye orodha ya jimbo ya waliositishiwa malipo? Uko kwenye orodha ya watoa huduma waliopewa adhabu na idara ya huduma za afya? Moja ikiwa nyekundu huendelei. Inayowasha nyekundu mara nyingi ni ripoti ya mwaka ya Secretary of State, ile ya $10. Dola kumi zinakukalisha nje ya mlango wa dola elfu hamsini.

---

Fundi_Bajeti:

Baada ya hapo kuna dodoso la udhibiti wa ndani, ICQ, linajazwa upya kila mwaka wa fedha wa jimbo. Watu hulijaza "ndiyo" mstari hadi mstari wakidhani ni mtihani wa kufaulu. Ukijibu kwamba mna mwongozo wa manunuzi, siku moja mkaguzi atauomba. Chama kidogo kikijibu ukweli kinapangwa kwenye hatari ya kati au ya juu, na matokeo yake ni masharti ya ziada kwenye mkataba: ripoti za mara kwa mara zaidi, mafunzo, au kuandika sera fulani ndani ya muda fulani. Haikunyimi ruzuku.

Sera ambazo zinafaa kuwepo kwenye faili kabla ya ICQ, kila moja ukurasa mmoja au miwili inatosha: manunuzi, mgongano wa maslahi, safari, malipo ya mishahara na karatasi za saa, utunzaji wa kumbukumbu, na nani anashika nini kwenye fedha. Hiyo ya mwisho kwa chama cha watu 5: anayeandika hundi asiwe anayesaini, na anayelinganisha taarifa ya benki na leja asiwe yeyote kati ya hao wawili. Mume mwenyekiti, mke mweka hazina, shemeji katibu? Bodi ya hivyo inaangukia hapo hapo.

Sasa bajeti. Jimbo lina kiolezo chake, chenye mistari ya mishahara, marupurupu, safari, vifaa vikubwa, vitu vya matumizi, mikataba, washauri, pango na umeme, simu na intaneti, mafunzo na mingineyo. Kila mstari una kisanduku cha maelezo, na hesabu iandikwe humo yote. Mfano wa mradi wa ukalimani na kusindikiza wazazi shuleni:

Mratibu nusu siku: $22 × saa 20 × wiki 52 = $22,880
FICA (kodi ya Social Security na Medicare) upande wa mwajiri, 7.65%: $1,750.32
Wakalimani wa mkataba: $30 × saa 6 kwa wiki × wiki 48 = $8,640
Pango: $900 × miezi 12 × 40% = $4,320
Mafuta ya gari: maili 200 × miezi 12 × senti 70 (kiwango cha IRS cha 2025) = $1,680
Jumla: $39,270.32
Gharama za jumla za uendeshaji 15%: $5,890.55
Jumla kuu: $45,160.87

Ile 40% ya pango inatoka wapi? Lazima uandike: ofisi ina futi za mraba kadhaa, mradi unatumia kiasi hiki. Asilimia iliyookotwa hewani inakatwa.

---

Mama_Leja:

Fundi, umejikwaa kwenye mstari wa mwisho. 15% haipigwi kwenye jumla yote, inapigwa kwenye MTDC, yaani gharama za moja kwa moja zilizopunguzwa, ambayo huondoa vifaa vikubwa, karo, posho za washiriki, sehemu ya mkataba mdogo wa ruzuku inayozidi $50,000, na *pango*. Kwa hiyo ni $39,270.32 toa $4,320 = $34,950.32. Mara 15% = $5,242.55. Jumla kuu $44,512.87. Tofauti ni $648, na $648 hiyo ukiidai halafu ikaonekana kwenye ukaguzi, mnairudisha kutoka mfuko wenu.

La pili. 15% ni kiwango cha serikali kuu tangu Oktoba 1, 2024. Kabla ya hapo kilikuwa 10%. Mkataba wa zamani unabaki na 10. Tangazo nalo linaweza kuwa na ukomo wake, na chaguo lako la asilimia lazima uwe umelisajili kwenye mfumo wa jimbo. Bila kusajili unaandika sifuri hata kama una haki.

---

Fundi_Bajeti:

Nimekubali, pango nililisahau. Wanaonakili mfano watumie hesabu ya Mama_Leja.

Na umesahau na wewe bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Illinois inaidai hata kwa mfanyakazi mmoja wa nusu siku. Iingie kwenye marupurupu. FUTA, kodi ya serikali kuu ya ukosefu wa ajira, haiwahusu 501(c)(3), msiiweke.

---

Bibi_Ankara:

Nyote mmeruka jambo linaloua vyama vingi kuliko fomu zote hizo: hela inakuja baada ya kutumia.

Ruzuku nyingi ni za kurudishiwa. Chukua hiyo $44,512, gawa kwa 12, ni kama $3,700 kwa mwezi. Julai mnalipa mishahara na pango. Agosti mnapeleka madai. Afisa anayapitia, anarudisha kwa swali moja, mnajibu, yanakwenda kwa Comptroller, ofisi inayolipa fedha za jimbo, malipo yanafika labda mwisho wa Septemba. Na mkataba wenyewe unaweza kuchelewa kusainiwa: Julai mmeshaanza kazi, saini inakuja Oktoba. Kwa hiyo chama kinahitaji miezi 3 mkononi, $11,100 hivi, ya fedha isiyo ya ruzuku. Asiye nayo aombe kiasi kidogo zaidi, au aombe malipo ya awali.

Malipo ya awali yapo. GATA inatambua njia tatu: awali, kurudishiwa, na mtaji wa kuanzia ambao baadaye unageuka kuwa kurudishiwa. Lakini hupewi kwa kunyamaza, ombi linapelekwa na makisio ya fedha ya mwezi kwa mwezi.

Kukopa benki ili kuziba pengo kunaruhusiwa, ila riba ya mkopo wa namna hiyo hailipwi na ruzuku.

Na hapa nasema kwa sauti: msizibe pengo kwa kodi mliyomkata mfanyakazi. Ile FICA na kodi ya mapato mliyoizuia kwenye mshahara si fedha ya chama. Isipopelekwa na Fomu 941, ile ripoti ya kodi za mishahara, IRS inaweza kuifuata kwa mtu binafsi, mweka hazina au mwenyekiti mwenye mamlaka ya kusaini hundi. Kinga ya chama haimfuniki mtu hapo.

---

Kijana_wa_Fizi:

Hilo la 941 limenitoa jasho. Na je, akaunti moja ya benki inatosha? Vyama vingi vina mfuko wa rambirambi humo humo.

---

Bibi_Ankara:

Sheria haidai akaunti ya benki ya pekee kwa ruzuku, inadai hesabu zitenganishwe: kila dola ijulikane imetoka mfuko gani na imekwenda mstari gani. Kwenye programu ya uhasibu unafungua tabaka kwa kila ruzuku. Ila kwa vyama vyetu nashauri akaunti mbili, sababu ni hiyo hiyo ya rambirambi. Msiba ukitokea usiku, kusafirisha maiti hadi Bujumbura ni maelfu ya dola, watu wanaingia kwenye akaunti iliyo karibu wakisema "tutarudisha Jumatatu". Wakirudisha, wasirudishe, kwenye taarifa ya benki inaonekana fedha ya jimbo imelipia jeneza. Hilo linaitwa matumizi yasiyoruhusiwa, hakuna atakayekuuliza nani amefariki. Mfuko wa misiba ukae benki nyingine kabisa, kadi yake ishikwe na mtu mwingine.

Vingine ambavyo ruzuku hailipi: pombe, harambee ya kuchangisha fedha, ushawishi wa siasa, ibada, faini na ada za kuchelewa. Chakula kwenye mkutano ni hapana mpaka tangazo liseme ndiyo. Pilau la siku ya utamaduni lichangiwe. Kadi za zawadi kwa washiriki zikiruhusiwa, tunza daftari: namba ya kadi, kiasi, tarehe, saini ya aliyepokea. Kadi 50 zilizonunuliwa na saini 43, zile 7 ni zenu.

---

Mwalimu_Takwimu:

Upande wa kuandika maombi, mimi naona udhaifu mmoja: sehemu ya mahitaji hujazwa historia ya vita vya Kongo tangu 1996. Msomaji wa alama, yule anayeyasoma maombi na kuyapa alama, ana karatasi yenye vigezo, anatafuta idadi ya watu wa *kaunti yake* na pengo la huduma. Tumieni jedwali B16001 la American Community Survey, utafiti wa ofisi ya sensa ya Marekani. Lina mstari wa Kiswahili pamoja na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini, na wangapi kati yao huzungumza Kiingereza chini ya "vizuri sana". Mstari huo umechanganya Kirundi, Kinyarwanda, Kilingala na wenzake, kwa hiyo usiandike kwamba wote ni Waswahili. Jazia na takwimu za shule za wilaya yenu na daftari lenu la mahudhurio.

Malengo yawe na tofauti kati ya watu na mahudhurio. Watu 60 wakija mara 2 ni mahudhurio 120, watu 60. Ukiahidi "watu 120" utaishi na namba hiyo kwenye ripoti 4. Wape namba mtakayoifikia mkiwa na mratibu wa saa 20, siyo mtakayoifikia malaika wakishuka.

Na fuateni vichwa vya tangazo kwa mpangilio wake. Likisema kurasa 10, ya 11 haisomwi. Viambatisho vikikosekana, maombi mengine hayafiki hata kwa wasomaji wa alama.

---

Mhudumu_wa_Lango:

Nyongeza: kila ruzuku ina namba kwenye orodha ya jimbo, CSFA. Tarakimu tatu za mwanzo ni idara: 444 ni huduma za jamii, 420 ni biashara na uchumi. Orodha iko wazi mtandaoni, inaonyesha ruzuku ipo, ilishapewa nani na kiasi gani. Someni waliopewa mwaka uliopita. Kama wote walipata zaidi ya $300,000, huo si uwanja wa chama kipya. Tafuteni mmoja wao muwe mkono wake wa lugha.

Kwa idara ya huduma za jamii bajeti huingizwa kwenye mfumo wao wa CSA, na kujiandikisha humo kunachukua siku. Usisubiri siku ya mwisho saa sita mchana.

---

Nyota_ya_Columbus:

Sisi wa Ohio na New York tumeachwa?

---

Karani_wa_Mto:

GATA ni ya Illinois tu. Ila EIN, 501(c)(3), 990, SAM na hesabu ya MTDC vinakufuata kila jimbo, maana fedha ya serikali kuu ikipita jimboni inakuja na kanuni zake, 2 CFR 200. New York ina ukaguzi wake wa awali, sasa unafanyika kwenye mfumo wa fedha wa jimbo unaoitwa SFS, na ripoti ya hisani ya kila mwaka ni CHAR500. Ohio sitaki kubahatisha, aliyeko huko afungue uzi wake.

---

Mama_Leja:

Tumalizie ripoti, kabla uzi haujahamia kwenye siasa.

Kuna ya fedha, PFR, na ya kazi, PPR. Kawaida kila robo mwaka, siku 30 baada ya robo kuisha. Tarehe kamili iko kwenye mkataba. Kisha mwisho wa mwaka CYEFR, inayojumlisha ruzuku zote. Usipopeleka, unawekwa kwenye orodha ya kusitishiwa malipo, na orodha hiyo ni ya jimbo zima. Ripoti iliyokosekana idara moja inafunga malipo ya idara nyingine ambayo mnafanya nayo kazi vizuri.

Karatasi za saa: mfanyakazi anajaza saa alizofanya kweli, baada ya kuzifanya, anasaini, msimamizi anasaini. Saa 20 zinazofanana kila wiki kwa wiki 52, pamoja na wiki ya Krismasi, zinamwambia mkaguzi kila kitu. Na mtu anayelipwa na ruzuku mbili, saa zake zikijumlishwa zisizidi saa alizokuwepo kazini. Makisio ya bajeti hayahesabiki kuwa ushahidi.

Fedha isiyotumika hadi mwisho wa mkataba inarudi jimboni ndani ya siku 45. Kumbukumbu zitunzwe angalau miaka 3 baada ya ripoti ya mwisho, na kama kuna ukaguzi unaendelea, mpaka uishe. Risiti za karatasi ya joto zinafutika kwa mwaka mmoja, zipigeni picha siku hiyohiyo.

Ukaguzi mkubwa wa serikali kuu huanzia $1,000,000 ya fedha yake iliyotumika kwa mwaka, kwa miaka ya fedha iliyoanza tangu Oktoba 1, 2024. Zamani ilikuwa $750,000. Jimbo lina viwango vyake vilivyo chini ya hapo, kwa hiyo msijione mmepona.

---

Kijana_wa_Fizi:

Swali la mwisho, wakuu. Gari kuukuu la $9,500 la kupeleka wazee hospitali, linaingia mstari wa vifaa vikubwa au vitu vya matumizi?

---

Fundi_Bajeti:

Kanuni ya serikali kuu ilipandisha mpaka kutoka $5,000 hadi $10,000 mwaka 2024. Kwa mpaka mpya ni matumizi, kwa mpaka wa zamani ni kifaa kikubwa, na kikiwa kifaa kikubwa kinatoka kwenye MTDC na kinahitaji kibali. Mkataba wako ndio unaosema mpaka upi. Muulize afisa aliyetajwa kwenye tangazo, kwa barua pepe, kabla ya tarehe ya mwisho ya maswali, na jibu lake lichapishe uweke kwenye faili. Jibu la simu halina saini.

---

Bibi_Ankara:

Na bima ya gari la kubeba abiria kwa niaba ya chama, uliza bei yake kabla ya kuuliza bei ya gari.